Jumapili Magari Yalipopigwa Marufuku

Vijana wa leo wa Dar es Salaam hawaamini wakiambiwa, lakini miaka ya mwanzo ya 1980 mwenye gari binafsi alitakiwa awe ameliegesha nyumbani Jumapili ikifika saa nane mchana. Sababu ilikuwa mafuta: bei yake ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979 wakati tunatoka vita vya Kagera hazina ikiwa tupu. Mafuta ghafi yaliyosafishwa kiwandani TIPER, Kigamboni, yote yalikuja kwa meli na kulipiwa fedha za kigeni.

Amri hiyo haikumgusa mtu wa kawaida, maana gari hakuwa nalo. Yeye alitegemea UDA, shirika la mabasi lililoanzishwa 1974 baada ya kampuni ya mabasi ya DMT kutaifishwa. Basi kubwa lilibana mafuta, lakini bila tairi na vipuri lililala gereji, na abiria wakalala vituoni. Mwaka 1983 serikali ikasalimu amri, ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Ndipo zilipotamba daladala: zikaja chai maharage, kisha Hiace tulizoziita vipanya.

Daladala iliokoa jiji, tusiikosee heshima. Ila ilikuwa na gharama isiyoandikwa kwenye nauli. Dereva anadaiwa hesabu ya tajiri mwenye gari kila jioni, kwa hiyo anangoja ajaze huku injini inanguruma, halafu anakimbizana na mwenzake hadi kwenye foleni ya Ubungo. Humo mamia ya vigari chakavu yaliunguza dizeli yakiwa yamesimama, na moshi tukauvuta sote.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza, Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, jumla kama kilomita 21. Basi refu moja lilibeba abiria zaidi ya 140 katika njia yake maalumu. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Sifa zikatangulia mabasi. Karakana yake ilijengwa Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, mahali ambapo mafuriko hayahitaji mwaliko. Mabasi yakapungua, abiria wakarundikana vituoni kama enzi za UDA. Anayechoka kungoja hupanda bodaboda, na akijaliwa hununua gari. Faida yote ya kubana mafuta inapotelea hapo. Wenye mamlaka, kabla ya kumwaga zege la njia nyingine, nunueni kwanza mabasi ya kutosha, na vipuri vyake.