Parasetamoli kwa mjamzito na hofu ya usonji

Mjamzito akiumwa kichwa au akipata homa, dawa ambayo kwa kawaida huambiwa ameze ni parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol. Marekani huuzwa sana kwa jina la Tylenol, na hofu iliyozagaa kwenye simu zetu ilianzia huko. Tarehe 22 Septemba 2025, Rais Donald Trump aliwataka wajawazito waiepuke, akiihusisha na usonji kwa watoto. Siku mbili baadaye, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema hakuna ushahidi wa kisayansi unaothibitisha uhusiano huo.

Wasiwasi wenyewe haukuzushwa siku ile. Kwa miaka kadhaa baadhi ya tafiti zilionyesha kuwa watoto wa mama waliotumia dawa hii wakiwa wajawazito hugundulika na usonji, au tatizo la kukosa utulivu na umakini, kwa kiwango kilichozidi kidogo. Lakini hakuna anayemeza Panadol bila sababu. Ana homa, ana maambukizi, anaumwa. Sasa kilichomgusa mtoto ni dawa, ni ugonjwa, au ni kitu cha kurithi?

Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024 ulilichambua swali hilo kwa kufuatilia watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019. Watoto wote walipolinganishwa, tofauti ndogo ilionekana. Walipolinganishwa ndugu wa mama mmoja, ambaye alitumia dawa katika mimba moja na hakutumia katika nyingine, tofauti ikatoweka. Kwetu sisi, hapo ndipo penye uzito.

Kinachotutia hofu zaidi ni mama anayeacha parasetamoli, kisha akaenda duka la dawa kununua ibuprofeni au diklofenaki. Hizo, kuanzia wiki ya 20 ya mimba, zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Soma pakiti vizuri, maana diklofenaki huuzwa pia ikiwa imechanganywa na parasetamoli katika kidonge kimoja. (Aspirini ya kiwango kidogo uliyoandikiwa na daktari ni jambo jingine, usiiache bila kumuuliza.)

Halafu kuna malaria. Parasetamoli hushusha joto la mwili, lakini vimelea hubaki kwenye damu, na kwa mjamzito malaria inaweza kuharibu mimba au kusababisha mtoto azaliwe na uzito mdogo. Ukiwa na homa, nenda kituo cha afya upimwe siku hiyo hiyo.

Parasetamoli itumike kwa kiwango kidogo kinachotosha na kwa muda mfupi. Vidonge vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24. Na kichwa kikiuma sana huku macho yakiona ukungu au uso ukivimba, usingoje dawa ifanye kazi. Hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, wahi hospitali.