Trekta Linalozunguka Bila ya Kuwaka

Somo letu la leo ni la historia, lakini tutaanzia shambani.

Fikiri kwamba uko katika bonde la mpunga la Cheju, na mvua za masika zi karibu. Trekta limekuja kuchimba na kuburuga, na jirani zako wamesimama pembeni wakingoja zamu zao. Dereva anapiga stata. Injini inazunguka, lakini haiwaki. Anapiga tena na tena, mpaka betri inachoka. Mvua ikikukuta na bonde halijachimbwa, mwaka huo mchele utaununua dukani. Basi kwa nini injini haiwaki?

Neno dizeli ni jina la mtu. Rudolf Diesel alikuwa Mjerumani, aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Zama zake mitambo mingi ilikwenda kwa mvuke. Hata hapa Unguja tulikuwa na gari la moshi, lililoanza mwaka 1905, likitoka karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, mwendo wa maili 7 hivi. Injini ya namna ile hutaka moto uwashwe mapema na maji yachemke kwanza, na joto lake kubwa hupotea bure.

Bwana Diesel alitaka injini isiyohitaji tanuri wala cheche. Wewe uliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli umeona jinsi bomba linavyopata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Katika injini ya dizeli, pistoni huibana hewa mpaka ikabaki kama sehemu moja katika 16 au zaidi, na joto lake hupita digrii 500. Mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Ndiyo maana ukitafuta plagi ya cheche katika trekta la dizeli hutaiona.

Tarehe 10 Agosti 1893, mjini Augsburg, injini yake ya kwanza ilizungushwa kwa nguvu za mitambo ya kiwanda. Mafuta yalipoingia yalilipuka kwa kishindo, hata chombo cha kupimia kikaruka. Lakini injini haikuweza kujiendesha. Ilipofika tarehe 17 Februari 1894 ndipo ilipozunguka kwa nguvu zake yenyewe, nako kulikuwa kwa dakika moja tu. Mwaka 1897 ilifaulu, ikageuza kuwa kazi sehemu 26 hivi katika kila 100 za nguvu za mafuta. Basi usione haya trekta likikukatalia; injini hii ilimkatalia hata aliyeibuni.

Matrekta mengi yalifika pwani yetu mwaka 1947, katika mpango wa karanga wa Waingereza kule Kongwa, Tanganyika. Mengi yalikuwa yamekwisha tumika vitani. Yaliharibika upesi, mafundi na vipuri havikutosha, na mpango ukaachwa mwaka 1951. Ardhi ngumu na mvua haba zilikuwa sababu pia, lakini trekta lisilo na fundi ni chuma tu. Hapa Unguja, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi ilifanywa ya serikali na watu wengi wakapewa eka 3 kila mmoja. Eka 3 kwa jembe la mkono ni kazi nzito, wala tusidanganyane.

Sasa turudi Cheju. Mwambie dereva asipige stata zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mara moja, kisha aipumzishe. Tazama kwanza kama tangi lina mafuta, bilula yake imefunguliwa, na kitasa cha kuzimia injini kimerudishwa ndani. Usicheke, wengi wameita fundi kwa ajili ya kitasa hicho. Kisha tazama bomba la moshi injini inapozunguka. Kama hakuna moshi kabisa, yaelekea mafuta hayafiki. Kama watoka moshi mweupe, mafuta yanafika lakini hayawaki: pengine stata inazungusha polepole, hewa haibanwi vizuri, au maji yameingia katika mafuta. Kisiwani kwetu hewa ina unyevu mwingi, na tangi likilazwa nusu tupu hufanya maji ndani.

Mafuta yasipofika, shuku chujio lililoziba au hewa katika mabomba. Hewa ile ile iwashayo mafuta ndani ya silinda huwa adui ndani ya bomba, kwa kuwa pampu ikiisukuma hubonyea tu, na mafuta hayasogei. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio, kisha pampu kwa kile kipini cha mkono. Yatatoka mapovu. Endelea mpaka mafuta yatoke safi, kisha kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Lakini usiweke kamwe kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza, maana mafuta hayo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Wala usimwage petroli katika njia ya hewa, hata akikushauri nani.

Piga stata sasa. Likikataa baada ya hayo, tuma mtu akamwite fundi, nawe umweleze rangi ya moshi ulioiona.

Kwaherini.