SOMO LA HISTORIA: MGENI NA MWENYE NYUMBA

Jioni hii tuanze hapa hapa Dodoma, katika Kongwa. Wazee wetu walisimulia habari za shamba la karanga la Waingereza, lililoanzishwa huko mwaka 1947 likashindwa upesi kwa ukame na ugumu wa ardhi. Mwaka 1964 walifika Kongwa wageni wengine: wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wa FRELIMO, wa ANC na wenzao. Walikuwa askari kutoka nchi nyingine. Lakini walikaribishwa na serikali ya nchi huru.

Sasa tuvuke bahari hadi Unguja. Oktoba 1960, Uingereza na Marekani zilipatana kujenga huko kituo cha kufuatilia safari za angani za mpango wa Mercury. Kituo kikawekwa Tunguu. Zanzibar ilikuwa bado chini ya Uingereza, na wananchi hawakupigia kura jambo hilo.

Maneno yakaenea: hiki ni kituo cha roketi za vita! Mataifa makubwa yakipigana, si sisi tutakaopigwa kwanza? Chama cha ZNP, yaani Hizbu, na vijana wake wakakipinga hadharani.

Je, walisema kweli? Tunguu hapakuwa na roketi wala mizinga. Palikuwa na mitambo ya kusikiliza chombo kilichoko angani na kuzungumza nacho. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyomfuatilia, kama Kano kule Nigeria.

Basi, juu ya roketi walikosea. Lakini mwenye nyumba asiyeulizwa atajuaje kilichomo katika mzigo wa mgeni? Hofu ile ilizaliwa na kutoulizwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ilitaka kituo kiondolewe, na Aprili mwaka huo huo Marekani ikakubali kukiondoa.

Somo letu ni hili: kabla ya kuuliza mgeni amebeba nini, tuulize ni nani aliyemfungulia mlango.

Swali la kuzungumza katika vikundi vyenu: Serikali yetu iliwakaribisha wageni wa Kongwa. Je, ilipasa kwanza kuwauliza wanakijiji waliokuwa jirani zao? Toeni sababu.

Kwaherini, hadi somo lijalo.