Tela tupu lina uzito gani? Jibu kwa mama mdogo

Mimi huku Louisville, Kentucky, sijambo. Baridi imeanza kung'ata lakini tunasukuma siku.

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia simu akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa dakika zilizobaki kwenye vocha yake. Alisema: "Mwanangu, ulikuwa unasafirisha farasi wa matajiri na kulipwa. Sasa nasikia umeacha, umekwenda kukaa darasani kujifunza kuendesha gari ambalo tayari unaliendesha. Na bati za nyumba ya dada yangu ziko wapi?"

Mama mdogo una haki ya kuuliza, na najua si wewe peke yako unayejiuliza. Hivyo leo naandika kwa kirefu. Vuteni viti.

Kwanza niwaeleze mji huu. Louisville ni mji wa farasi. Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei hufanyika mbio za Kentucky Derby katika uwanja wa Churchill Downs, na zimefanyika tangu mwaka 1875. Wengi hawajui kwamba katika mbio zile za kwanza, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis akiwa juu ya farasi Aristides, alikuwa mweusi mwenzetu. Kwa hiyo mtu akiniona mimi Mdigo na farasi akacheka, namwambia akasome historia.

Mimi sipandi farasi, nawasafirisha. Nilianza kwa kusafisha mabanda, baadaye mwenye shamba akaona najua gari, akanikabidhi pikap kubwa ya tairi mbilimbili nyuma na tela la farasi wanne. Kazi yangu ilikuwa kupeleka farasi wa wateja. Oktoba tunakwenda Columbus, Ohio, kwenye maonyesho ya All American Quarter Horse Congress, ambayo yapo tangu 1967 na huleta maelfu ya farasi wa aina moja mahali pamoja. Ni kama kilometa 340 kutoka hapa. Safari nyingine zinaendelea mpaka Buffalo, New York, kilometa 530 zaidi, unapita Cleveland halafu unafuata Ziwa Erie. Leseni yangu ilikuwa ya kawaida, ya gari dogo. Nilimuuliza mwenye shamba akasema, "Ni pikap tu hiyo, haina shida." Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Misimu miwili ikapita salama.

Msimu wa tatu nilishusha farasi wa mwisho Buffalo, nikawa narudi na tela tupu. Tupu kabisa, zimebaki nyasi na harufu. Kati ya Cleveland na Columbus askari wa barabarani akanisimamisha kwa ukaguzi. Hakunipeleka kwenye mizani. Alifungua mlango wangu, akasoma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango, akaenda mbele ya tela akasoma kibao cha chuma, akajumlisha kwenye karatasi. Kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba gari lile haliondoki pale na mimi nikiwa nyuma ya usukani.

Nikamwambia, "Afande, tela ni tupu!" Akasema, "Naona."

Niliachwa kando ya barabara saa tano nikingoja dereva mwenye leseni inayofaa. Faini ilikuja kwa jina langu. Mwenye shamba alilipa sehemu yake, yangu ikaniangukia, na humo ndimo zilimoanza kupotea bati. Lakini kilichoniuma zaidi ya faini ni kutoelewa. Mtu anaadhibiwaje kwa uzito ambao hana? Basi nikaanza kusoma, na nilichokipata ndicho nataka mkijue.

Sisi watu wa pwani tunaujua uzito tangu zamani. Misafara ya Bagamoyo na Pangani haikutegemea farasi, maana mbung'o waliwamaliza njiani. Mzigo ulibebwa na wapagazi, na kipimo kilikuwa frasila, kama kilo 16. Mtu mmoja alibeba karibu frasila mbili. Mzigo ule ulipimwa kwa mwili wa mtu, na mpagazi aliyezidishiwa alijua kuutua chini.

Huku nao walikuwa na mzani wao. Buffalo ulikua kutokana na mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825 kutoka mto Hudson mpaka Ziwa Erie, kilometa 584. Boti zilivutwa na farasi na nyumbu waliotembea kando ya maji. Serikali ya jimbo ilitaka ushuru, kwa hiyo ilijenga mizani za boti. Moja ipo Syracuse, jengo la mwaka 1850, leo ni makumbusho. Boti iliingizwa, maji yakatolewa, ikakaa juu ya mzani mzimamzima. Uzito wake ikiwa tupu ulikuwa umeshaandikwa. Ikija na shehena inapimwa tena, na tofauti ndiyo shehena inayotozwa. Ushuru huo uliondolewa mwaka 1882.

Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa kichwani mwangu: kitu tupu ni tupu. Na ndiyo hesabu ya mizani yetu ya nyumbani, au ya Mariakani kwa jirani zetu wa Kenya. Lori linapanda, namba inasomeka, umezidisha au hukuzidisha. Afrika Mashariki lori la ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56. Mtashangaa kusikia kwamba Marekani kikomo cha kawaida kwenye barabara kuu ni paundi 80,000, zile ambazo bibi aliziita ratili, yaani kama tani 36 tu. Mizani hiyo inalinda barabara na madaraja. Wana sababu: tarehe 15 Desemba 1967 daraja la Silver Bridge kwenye mto Ohio, mto huuhuu unaopita hapa Louisville, lilianguka jioni likiwa limejaa magari, wakafa watu 46. Chanzo kilikuwa ufa katika kipande kimoja cha mnyororo wa chuma, lakini lilikuwa daraja la mwaka 1928, la enzi za magari mepesi, na zama zilikuwa zimelipita.

Lakini askari wangu hakuwa analinda daraja. Kulikuwa na hesabu ya pili, na hiyo ilikuja baadaye.

Turudi kwa farasi. Zamani farasi wa mashindano alikwenda mashindanoni kwa miguu yake. Mwaka 1836 huko Uingereza, Lord George Bentinck alimpakia farasi wake Elis kwenye gari la mbao linalokokotwa na farasi wengine, akampeleka Doncaster. Wacheza kamari walijua farasi yuko mbali, kusini, hawezi kuwahi. Elis akafika hajachoka, akashinda mbio za St Leger, na watu wakapoteza fedha. Baada ya hapo likaja treni. Huku Marekani wanyama waliteseka sana ndani ya mabehewa, mpaka mwaka 1873 ikapitishwa sheria kwamba wasikae ndani zaidi ya saa 28 bila kushushwa wale, wanywe na kupumzika. Hata Seabiscuit, farasi maarufu wa miaka ya 1930, alizunguka nchi kwa treni. Treni ina dereva wake aliyefunzwa. Farasi walipohamia barabarani, hasa baada ya sheria ya barabara kuu za mwaka 1956, dereva akawa mtu yeyote mwenye pikap. Kama mimi.

Na si wa farasi tu. Sheria ya mwaka 1935 iliipa serikali kuu mamlaka juu ya usalama na saa za kazi za malori yanayovuka majimbo, lakini leseni ilibaki mikononi mwa kila jimbo. Mpaka miaka ya 1980 kulikuwa na majimbo ambayo leseni ya gari dogo ilitosha kuendesha lori zima na tela lake. Na wapo madereva waliokuwa na leseni za majimbo mawili matatu. Wakikamatwa wanatoa hii, kesho wanatoa ile, makosa yanagawanyika na hakuna anayeona jumla yake. Wakati huohuo watu wanakufa barabarani.

Oktoba 1986 Rais Reagan alisaini sheria iliyofunga mlango huo. Dereva mmoja, leseni moja. Majimbo yote yakapewa viwango vya mtihani, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1992 hakuna kuendesha magari makubwa ya kazi bila leseni ya biashara, inayoitwa CDL. Sasa kubwa ni lipi? Hapo ndipo kibandiko kinapoingia.

Kila gari lina namba ya kiwandani, GVWR. Maana yake ni uzito wa juu kabisa ambao kiwanda kimekubali gari lifikie, pamoja na mafuta, watu na mzigo. Tela nalo lina yake. Ukijumlisha za pikap na tela zikafika paundi 26,001 (kilo 11,794) au zaidi, na tela peke yake limeandikwa zaidi ya paundi 10,000 (kilo 4,536), unahitaji CDL daraja A kama unafanya biashara. Pikap yangu imeandikwa 14,000, tela 14,000. Jumla 28,000. Siku ile kwenye mizani vyote viwili visingezidi kama 15,000. Haikujalisha.

Kwa nini? Nilikaa na swali hili siku nyingi, na jibu ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mizani inapima mzigo wa leo. Leseni inampima dereva, na dereva hapimwi kwa safari nyepesi. Sheria inauliza: gari hili likijazwa mpaka mwisho, mvua ikinyesha, mteremko ukiwa mkali, huyu mtu anajua kulisimamisha? Kama ningeruhusiwa kulipeleka tupu kwa leseni ndogo, kesho ningepakia farasi wanne, kila mmoja kilo 500 na viumbe vyenye miguu, vinavyohama na kusukumana kwenye kona, na hakuna ambaye angenisimamisha. Na kweli, ndivyo nilivyokuwa nikifanya misimu miwili. Sikujua jinsi ya kugawa uzito mbele na nyuma. Sikujua kwamba tela likianza kuyumba, kukanyaga breki za gari kwa nguvu kunaweza kulizidisha. Nilikuwa na bahati nikaiita ujuzi.

Nasikia si mimi peke yangu. Desemba 2017 serikali ilipoanza kulazimisha vifaa vya elektroniki vya kurekodi saa za madereva, wenye farasi wengi walipiga kelele, na ndipo baadhi yao walipogundua kwamba sheria za uzito na leseni zilikuwepo tangu miaka ya 1980. Anayepeleka farasi wake kwenye maonyesho kwa kujifurahisha, si kwa faida, amesamehewa masharti mengi ya serikali kuu, ingawa majimbo yana ya kwao. Anayelipwa kusafirisha farasi wa watu hakusamehewa. Na hata mwenye gari na tela dogo, jumla ikipita paundi 10,000 akafanya biashara ya kuvuka majimbo, hahitaji CDL lakini anatakiwa namba ya usafirishaji ya serikali, cheti cha daktari na mengineyo.

Sasa mama mdogo, kuhusu darasa. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeomba CDL daraja A kwa mara ya kwanza lazima apite mafunzo ya mtoaji aliyesajiliwa na serikali kuu kabla ya mtihani wa vitendo. Siwezi kwenda tu kufanya mtihani kwa vile "nimezoea". Ada ndiyo bati zako, na sebule ya mama pia. Mwenye shamba alinitaka niendelee kuendesha mpaka msimu uishe. Nikakataa, akamweka kijana mwingine. Miezi ile bila mshahara ilikuwa mirefu, na sikuwaambia kwa sababu niliona aibu.

Mtihani nimefaulu mwezi uliopita. Nimeanza kazi kwa mtu mwingine, njia ileile, Louisville, Columbus, Buffalo na kurudi. Kabla ya kuondoka nasoma vibandiko vyote viwili, hata kama namba nazijua kwa moyo. Bati geji 28 nitaanza kuzituma fedha mwisho wa mwezi ujao, kwa awamu, panapo majaliwa. Mwambie fundi asianze kunung'unika.

Na wewe mpwa wangu unayesubiri viza na kuniuliza kila siku kazi za huku: mtu akikukabidhi funguo na kukwambia "ni pikap tu", fungua mlango, soma kibandiko, nenda kwenye tela, soma kibao, jumlisha mwenyewe. Ikizidi leseni yako, rudisha funguo. Mpagazi aliyezidishiwa aliutua mzigo chini, wala hakuna aliyemwita mvivu.

Wasalimieni wote. Mama, nisamehe kwa sebule kuvuja.

Ndugu yenu, Louisville.