Hagi: Mfalme wa soka ya Romania aliyekosa kiti Madrid na Barcelona

KATIKA orodha ya wanasoka waliowahi kuzichezea Real Madrid na Barcelona, ni wachache wanaokumbukwa zaidi kwa mambo waliyoyafanya kwingineko. Gheorghe Hagi, kiungo mshambulizi wa Romania aliyejulikana kama Maradona wa Carpathia, ni mmoja wao.

Klabu hizo mbili kuu za Uhispania zilimpa muda wa miaka minne kwa jumla. Timu ya taifa ilimpata kwa miaka 17, na huko ndiko alikoandika historia ambayo hakuna Mromania mwingine aliyeifikia.

Hagi alizaliwa Februari 5, 1965 katika kijiji cha Săcele, mkoa wa Constanța, karibu na Bahari Nyeusi. Jamaa zake ni Waaromania, jamii ndogo yenye asili ya kusini mwa rasi ya Balkani.

Alijifunzia kandanda katika klabu ya Farul ya mjini Constanța. Mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 13, alipelekwa jijini Bucharest kujiunga na Luceafărul, kituo ambako shirikisho la soka liliwakusanya chipukizi bora wa nchi nzima. Alirejea Farul na kuanza kuchezea kikosi cha wakubwa mwaka 1982, kisha mwaka mmoja baadaye akahamia Sportul Studențesc ya Bucharest.

Hapo ndipo alipoanza kutisha. Guu lake la kushoto lilikuwa na uwezo wa kufuma mpira wavuni kutoka mbali, na pasi zake zilipenya mahali ambapo wengine hawakuona njia. Aliibuka mfungaji bora wa ligi katika msimu wa 1984-85 kwa mabao 20, na akarudia mwaka uliofuata kwa mabao 31. Kwa mchezaji wa safu ya kati, idadi hiyo ni ya kushangaza.

Kocha Mircea Lucescu hakusubiri. Alimwita Hagi katika timu ya taifa dhidi ya Norway jijini Oslo mnamo Agosti 10, 1983, akiwa na miaka 18 pekee. Mwaka uliofuata kijana huyo alikuwa katika kikosi kilichoshiriki fainali za Kombe la Ulaya nchini Ufaransa.

Lakini kipaji hicho kilikuwa kimefungiwa ndani. Chini ya utawala wa Nicolae Ceaușescu, mwanasoka wa Romania hakuwa na uhuru wa kwenda kutafuta riziki ng'ambo. Hata kuhama kutoka klabu moja hadi nyingine nchini humo hakukuwa hiari ya mchezaji.

Kisa cha uhamisho wake hadi Steaua Bucharest kinaonyesha hali ilivyokuwa. Steaua, klabu ya jeshi, ilikuwa imetwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1986 kwa kuilaza Barcelona jijini Seville. Ilipojiandaa kukutana na Dynamo Kyiv katika mechi ya Super Cup mnamo Februari 24, 1987 jijini Monaco, ilimchukua Hagi kutoka Sportul kwa ajili ya mchuano huo mmoja tu.

Steaua ilishinda 1-0. Bao lilifungwa na Hagi kwa njia ya frikiki. Baada ya hapo klabu hiyo haikuona sababu ya kumrudisha mchezaji wa watu, na Sportul haikuwa na ubavu wa kumdai.

Akiwa Steaua alitwaa ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, 1987, 1988 na 1989, katika kipindi ambacho klabu hiyo ilicheza mechi 104 za ligi bila kushindwa. Wapo wanaouliza, na si bila haki, ni refa gani angethubutu kuiudhi timu ya jeshi katika Romania ya siku zile. Hata hivyo, marefa wa Ulaya hawakuwa chini ya amri ya Bucharest, na huko pia Steaua ilitamba: ilifika nusu-fainali ya Kombe la Klabu Bingwa mwaka 1988 na fainali mwaka 1989. AC Milan ya Ruud Gullit na Marco van Basten ndiyo iliyowazima kwa kichapo cha 4-0 uwanjani Camp Nou.

Utawala wa Ceaușescu ulianguka Desemba 1989. Miezi michache baadaye, katika fainali za Kombe la Dunia za 1990 nchini Italia, Waromania waliingia uwanjani wakiwa watu huru kwa mara ya kwanza. Waliichapa Muungano wa Usovieti 2-0, wakaduwazwa 2-1 na Cameroon mjini Bari kwa mabao mawili ya mkongwe Roger Milla, kisha wakatoka sare ya 1-1 na Argentina. Ireland iliwabandua katika raundi ya pili kwa mikwaju ya penalti mjini Genoa.

Milango ilikuwa imefunguka. Hagi, sasa mwenye umri wa miaka 25, alitua Real Madrid, klabu iliyokuwa imetoka kutwaa ligi ya Uhispania mara tano mfululizo.

Alifika wakati mbaya. Kizazi kilichoshinda mataji hayo kilikuwa kikichoka, na Barcelona ya Johan Cruyff ilikuwa ikipanda. Katika misimu miwili Hagi alicheza mechi 64 za ligi na kufunga mabao 16, mojawapo likiwa kombora dhidi ya Osasuna alilolivurumisha kutoka karibu na katikati ya uwanja.

Siku yake ya mwisho ya ligi na Madrid ilikuwa ya majonzi. Juni 7, 1992, Real ilihitaji ushindi dhidi ya Tenerife kunyakua ubingwa. Hagi alifunga kwa frikiki na kuiweka timu yake mbele 2-0, lakini wenyeji wakageuza matokeo na kushinda 3-2. Kombe likaenda Barcelona.

Hatua iliyofuata iliwashangaza wengi. Hagi aliondoka Madrid na kujiunga na Brescia, klabu ndogo ya kaskazini mwa Italia iliyokuwa chini ya Lucescu, kocha yule yule aliyempa jezi ya taifa. Romania ndogo ilikuwa imehamia huko: Florin Răducioiu, Ioan Sabău na Dorin Mateuț walikuwa kikosini.

Brescia ilishushwa daraja mwaka 1993. Nahodha wa timu ya taifa, aliyetoka Real Madrid, alikubali kubaki na kucheza Serie B, na akaisaidia klabu hiyo kurejea ligi kuu mwaka 1994. Wengi humtaja Hagi kama mtu wa hasira na majivuno. Msimu huo mmoja wa unyenyekevu hausemwi sana.

Wala haukumdhuru. Alipofika Marekani kwa fainali za Kombe la Dunia za 1994, alikuwa katika kilele cha uwezo wake.

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya Colombia, timu ambayo Pelé alikuwa ameitabiria makubwa. Hagi alimwandalia Răducioiu bao la kwanza. Kisha, katika dakika ya 34, alipata mpira karibu na mstari wa pembeni upande wa kushoto, akainua macho na kumwona kipa Óscar Córdoba akiwa amesogea mbele ya lango. Mpira ulipaa juu ya kipa na kuzama kwenye pembe ya mbali. Wengi walidhani alikuwa akipiga krosi, lakini aliyemjua Hagi hakuwa na shaka kwamba alikusudia. Romania ilishinda 3-1, na bao la tatu pia, la Răducioiu, lilitokana na pasi yake.

Uswisi iliwapa kipigo cha 4-1, Hagi akifunga bao lao la pekee, lakini ushindi wa 1-0 dhidi ya wenyeji Marekani uliwapa uongozi wa kundi.

Ndipo ikaja Argentina mnamo Julai 3 mjini Pasadena. Diego Maradona alikuwa amefukuzwa mashindanoni baada ya kupatikana na hatia ya kutumia dawa zilizopigwa marufuku. Romania nayo ilimkosa Răducioiu aliyekuwa akitumikia adhabu, na kocha Anghel Iordănescu akaamua kumsogeza Ilie Dumitrescu mbele.

Dumitrescu alifunga mawili, la pili akilipata kwa pasi ya Hagi iliyowakata mabeki katikati. Kipindi cha pili akalipa deni: walitoka mbio katika shambulizi la ghafla, Dumitrescu akamsubiri nahodha wake afike, akampa mpira, na Hagi akafunga la tatu. Mchuano ulimalizika 3-2. Ni miongoni mwa mechi bora zaidi zilizowahi kuchezwa katika Kombe la Dunia, na Maradona wa kweli hakuwepo uwanjani.

Sweden iliwakatia safari katika robo-fainali. Romania iliongoza 2-1 katika muda wa ziada dhidi ya wapinzani waliobaki kumi, lakini Kennet Andersson akasawazisha zikisalia dakika tano, na penalti zikaamua 5-4. Hakuna kikosi kingine cha Romania kilichowahi kufika robo-fainali ya Kombe la Dunia.

Hagi aliteuliwa katika kikosi bora cha mashindano na kumaliza wa nne, sawa na Tomas Brolin wa Sweden, katika kura ya Mchezaji Bora wa Ulaya.

Barcelona ikamwita. Cruyff alikuwa na Hristo Stoichkov, Ronald Koeman na Romário, ilhali sheria za wakati huo ziliruhusu wageni watatu tu uwanjani. Hagi akawa wa nne. Majeraha nayo hayakumhurumia, na katika misimu miwili alicheza mechi 36 pekee za ligi na kufunga mabao saba.

Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 31, alielekea Galatasaray ya Uturuki. Waliodhani alikwenda kustaafu walikosea. Chini ya kocha Fatih Terim, klabu hiyo ilitwaa ligi mara nne mfululizo kuanzia 1997 hadi 2000, na mashabiki wa Istanbul wakampa mapenzi aliyoyakosa Uhispania.

Kilele kilikuwa fainali ya Kombe la Uefa dhidi ya Arsenal, Mei 17, 2000 jijini Copenhagen. Hagi alitolewa kwa kadi nyekundu mwanzoni mwa muda wa ziada kwa kumgonga Tony Adams. Wenzake kumi walistahimili, na katika mikwaju ya penalti wakashinda 4-1. Aliyefunga mkwaju wa mwisho alikuwa Gheorghe Popescu, Mromania mwenzake ambaye wake zao ni dada. Galatasaray ikawa klabu ya kwanza ya Uturuki kutwaa kombe la Ulaya, na mchezaji wake mkubwa zaidi hakuwa uwanjani.

Hasira hiyo ilimwandama hadi mwisho. Katika fainali za 1998 nchini Ufaransa alikuwa ameiongoza Romania kumaliza kileleni mwa kundi lililokuwa na Uingereza, Colombia na Tunisia. Miaka miwili baadaye, katika robo-fainali ya Kombe la Ulaya dhidi ya Italia jijini Brussels mnamo Juni 24, 2000, aligonga mlingoti, kisha akaonyeshwa kadi mbili za manjano katika kipindi cha pili, ya pili kwa kujiangusha. Italia ilishinda 2-0.

Hiyo ilikuwa mechi yake ya 124 na ya mwisho ya mashindano akiwa na jezi ya taifa. Mabao yake 35 yamefikiwa na Adrian Mutu pekee. Romania haikufuzu kwa makala yoyote ya Kombe la Dunia kuanzia 2002 hadi 2022.

Hagi aliangika daluga mwaka 2001 na kuanza ukocha kwa mwendo wa kusuasua. Aliiongoza Romania kwa muda mfupi na kushindwa na Slovenia katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2002. Akiwa na Galatasaray, aliishinda Fenerbahçe 5-1 katika fainali ya Kombe la Uturuki mwaka 2005.

Kazi iliyodumu aliifanya nyumbani. Mwaka 2009 alianzisha klabu ya Viitorul na akademia ya vijana karibu na Constanța. Wachezaji kama Răzvan Marin na Ianis Hagi, mwanawe aliyezaliwa Istanbul mwaka 1998, walipitia mikononi mwake na kucheza Kombe la Ulaya la 2024.

Viitorul ilitwaa ubingwa wa Romania mwaka 2017, ikilingana kwa pointi na FCSB na kuipiku kwa matokeo ya mechi walizokutana. Mwaka 2021 iliunganishwa na Farul, klabu iliyomlea Hagi. Mwaka 2023, yeye akiwa kocha, Farul ilishinda ligi kwa mara ya kwanza tangu ilipoasisiwa mwaka 1920.