Habari za Vyama vya Kufuma na Kushona vya Akina Mama, na Shauri Lililo Mbele Yetu Hapa Nyansiongo

Wazee waheshimiwa na wanachama wote, katika mkutano uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu: je, yafaa Chama chetu kitoe chumba na fedha kidogo ili akina mama waanzishe kikundi cha kufuma na kazi ya sindano? Wazee wengine walisema jambo hili ni geni. Wengine walisema lilikwisha kujaribiwa likafa. Kwa kuwa maneno yote mawili ni maneno ya historia, tumeona vema kuyachunguza hapa, ili kila mtu ayapime kabla ya kura.

Tuanze na ugeni. Kabla sindano ya chuma haijafika Gusii, wanawake wetu walikuwa wakisuka ekee kwa mabua ya wimbi, kazi ya vidole na subira ambayo si kila mtu aliiweza. Tena walikuwa na egesangio, yaani majirani wachache waliolima shamba la huyu leo na la yule kesho, kila mmoja akijua zamu yake, na mvivu akijulikana upesi. Risaga ilikuwa kubwa zaidi, na aliyeiita aliwaandalia watu pombe. Basi anayesema kwamba mwanamke wa Kigusii hakuzoea kukaa na wenzake katika kazi yenye kanuni, bila shaka hajapata kumwuliza nyanya yake.

Sindano yenyewe ililetwa na dini. Wakatoliki walijenga Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafika Nyanchwa mwaka 1912. Siku hizo watu walivaa ngozi, na aliyekwenda kusoma alitazamiwa kuvaa nguo. Ndipo wasichana wakafundishwa kukata kitambaa na kupiga pindo. Akina mama wa Kiadventista wana chama chao cha Dorkasi, kilichopewa jina la yule mwanamke wa Yafa anayetajwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, aliyewashonea wajane kanzu na nguo. Kazi hiyo ni njema, wala hatuna neno juu yake. Lakini twaomba liangaliwe jambo moja: katika Dorkasi mjane hupewa nguo. Hapewi kazi ya kuishona na kuiuza.

Serikali nayo iliingia kwa mlango wake. Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete mwaka 1925 kuwafundisha walimu wa vijijini, na wake zao wakafundishwa utunzaji wa nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili mafunzo ya wanawake yaliongezwa, hata mwaka 1952 kikatokea chama kiitwacho Maendeleo ya Wanawake. Kufikia mwaka 1954 vilabu vyake vilikuwa vimepita 500, na wanachama walizidi 30,000. Walifundishwa kufuma, kushona, kupika, usafi na malezi ya watoto.

Hapa wazee wenye shaka wana haki yao. Mwaka huo wa 1952 ndio ulioletewa Hali ya Hatari, na katika nchi ya Wakikuyu serikali ilivitumia vilabu hivyo kuwavuta wanawake waiache Mau Mau. Sweta la mtoto likawa siasa. Huku kwetu vita hivyo havikufika, lakini hata hapa kilabu kilikuwa kitu cha ofisi ya wilaya, na kitu cha ofisi hutegemea ofisi. Tena miaka mingi baadaye, mwaka 1987, chama hicho cha wanawake kiliunganishwa na KANU, na hakikutengana nayo mpaka siasa ya vyama vingi iliporudi.

Udhaifu mwingine, kwa maoni yetu ndio mkubwa zaidi, ulikuwa katika mafunzo yenyewe. Mwanamke alifundishwa kufuma kwa ajili ya nyumba yake, hakufundishwa bei. Uzi wa sufu ulinunuliwa kwa fedha za kahawa au pareto, na fedha hizo zilipokelewa na mume. Mume alipokataa, sindano zilikaa kimya. Hivyo waliosema kazi ilikufa wanasema kweli, ila waliiona maiti bila kuuliza ugonjwa.

Mbegu ya namna nyingine ilipandwa baada ya Uhuru, wala haikutoka ofisini. Katika nchi ya Wakikuyu wanawake walichanga fedha kwa zamu na kumnunulia kila mmoja mabati ya nyumba, hata vikundi vyao vikaitwa vya mabati. Huo ni ndugu wa egesangio. Mwaka 1964 Ruth Habwe, kiongozi katika Maendeleo ya Wanawake, alitaka kuingia Bungeni, na alipogombea bila chama alifukuzwa KANU. Twamtaja kwa sababu wako wanaodhani kwamba mwanamke mwenye sindano mkononi hana wazo jingine kichwani.

Sasa tuje Nyansiongo. Mahali hapa palikuwa mashamba ya masetla upande wa Sotik, na kuanzia mwaka 1962, kwa Mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba ya namna hiyo yalinunuliwa yakagawanywa kwa Waafrika kwa mikopo. Wengi wenu mwajua kwa habari za baba zenu jinsi watu walivyohama kutoka vilima vilivyojaa. Huku juu ni baridi, majani ya chai yaipenda baridi hiyo, lakini mtoto aendaye shule alfajiri haipendi. Na hati za mashamba ziliandikwa kwa kawaida kwa majina ya wanaume. Mume akifa, mjane huchuma chai iliyo katika akaunti ya jina lisilo lake, akingoja shemeji na mahakama zimalize maneno. Twawajua wajane wa namna hiyo, nanyi mwawajua.

Je, sweta litauzwa wapi, na mitumba imejaa sokoni tangu mwanzo wa miaka ya 1990? Swali hili ni la haki. Sweta la kawaida halitashindana na mtumba. Sweta la shule ni habari nyingine, maana kila shule ina rangi yake, na rangi hiyo haiji katika robota kutoka Ulaya. Tangu ada za shule za msingi zilipoondolewa mwaka 2003 watoto waliongezeka sana madarasani, na kila mmoja ana mabega mawili ya kufunikwa. Nyuzi zapatikana, kiwanda cha Ken Knit kiko Eldoret.

Liko jambo tunalolisema kwa uangalifu. Mpaka wetu na Sotik uliona damu mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008. Twaomba kikundi kisiulize kabila la mama ajaye, kwa kuwa watoto wa Kipsigis nao huvaa sweta, na mama zao hununua soko moja na sisi.

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 yataka wanachama wasiopungua 10, na akina mama waliojiandikisha wamefika idadi hiyo. Wanachoomba ni mkopo, si sadaka, na daftari la fedha liwe mikononi mwao, likaguliwe na mweka hazina wetu kila miezi 3. Chumba wanachokitaka ni kile cha nyuma chenye madirisha mapana, kwa sababu kufuma kwataka mwanga. Kwa sasa kina viti vilivyovunjika na magunia matupu, navyo vyaweza kuhamishwa kwa siku moja. Shauri litaletwa kwenye mkutano mkuu, na wajane wataalikwa waliseme wenyewe.