Kutoka Shule ya Maskini Hadi Udaktari wa Uhandisi

Ukisikia mtu akiitwa Daktari, usidhani kwamba lazima kazi yake ni kutibu wagonjwa. Wako madaktari wa mitambo, wa madaraja na wa umeme, ambao wamepata jina hilo kwa kuchunguza jambo lisilojulikana kabla yao. Lakini wahandisi hawakupewa heshima hiyo tangu zamani. Tutazame habari za chuo kimoja cha Uswidi, nawe utaona jinsi ilivyopatikana.

William Chalmers alizaliwa mjini Göteborg mwaka 1748. Alitajirika katika kampuni ya Uswidi iliyofanya biashara na nchi za Mashariki, akakaa miaka mingi Canton, China. Alipofariki mwaka 1811, aliacha wasia kwamba sehemu ya mali yake itumiwe kuanzisha shule ya kazi kwa watoto maskini waliokwisha kujua kusoma na kuandika. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1829, ikaitwa kwa jina lake.

Siku zile udaktari ulitolewa na vyuo vikuu vya kale, kama Uppsala kilichoanzishwa mwaka 1477. Shule za ufundi hazikuwa na ruhusa hiyo, hata wanafunzi wake wawe hodari namna gani.

Mfano ni Gustaf Dalén, mtoto wa mkulima, aliyehitimu Chalmers mwaka 1896. Alibuni kifaa kilichozima taa za kuongozea meli jua lilipochomoza, na kuziwasha giza lilipoingia, bila mkono wa mtu. Mwaka 1912 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mwaka huohuo gesi ililipuka alipokuwa akifanya majaribio, akapofuka. Hata hivyo aliendelea na kazi mpaka alipofariki mwaka 1937. Mtu wa namna hii, shule iliyomfunza haikuwa na ruhusa ya kumpa udaktari!

Ruhusa ilikuja polepole. Mwaka 1927 chuo cha ufundi cha Stockholm, KTH, kilipata haki ya kutoa udaktari wa uhandisi. Chalmers ilipandishwa daraja mwaka 1937, na baadaye ikapata haki hiyo pia.

Je, leo mtu huingiaje huko? Nafasi hutangazwa wazi kama kazi, na mwenye shahada ya pili aweza kuomba, awe wa nchi yoyote. Anayechaguliwa halipi ada. Aghalabu huajiriwa na kulipwa mshahara, maana utafiti huhesabiwa kuwa kazi. Masomo yenyewe ni ya miaka minne. Mwishoni huandika tasnifu, na kwa desturi ya Uswidi tasnifu hupigiliwa msumari mahali pa wazi, majuma machache kabla ya kutetewa, ili kila mtu aijue. Siku ikifika, mtaalamu aliyealikwa humhoji mbele ya watu, na hata wasikilizaji huruhusiwa kuuliza.

Basi, msomaji, ukimwona mwenzako akiidharau karakana ya shule kwa kuwa mikono huchafuka humo, mkumbushe habari hizi. Shule iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto maskini leo hutoa madaktari, na msumari unaoshika tasnifu yao ubaoni hupigwa kwa nyundo ileile ya fundi.